Farasi Aliyetulia Mno

Kavira,

Mvua imekushika huko kwa wenzako wa korali, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka nyimbo ziishe na sufuria ziwe tupu. Basi nina nafasi. Maharagi yako juu ya mbabula, makaa yamekolea, nyumba imenyamaza. Nimechukua kalamu kwa sababu kwa mdomo tumeshindwana. Jana nilianza vizuri nikamaliza kwa kupayuka, na wewe ukaingia chumbani ukafunga mlango polepole, kwa adabu. Ungeubamiza ningelala vizuri zaidi.

Sweta, sabuni, dawa ya malaria, hayo sitayarudia, umeshayasikia ya kutosha. Sanduku lako liko karibu na mlango na kila nikipita nalitazama kwa jicho baya. Kesho asubuhi gari la Patron litakuja kulichukua pamoja na wewe, likupeleke kwenye konsesio yake, lile shamba lake kubwa la ng'ombe, kule milimani ng'ambo ya Irumu, ukaishi huko na kutunza farasi wake. Mtaa wetu wa Mbunya wote wananipongeza. Jirani wa mbele alinishika mikono yote miwili: "Mama Kavira, Mungu amekukumbuka! Mutoto amepata kazi, tena fasi yenye iko ukuta na walinzi. Siye huku tunalala na viatu mu miguu." Nikacheka naye, nikamshukuru, nikaingia ndani nikalitazama lile sanduku tena.

Nataka ujue kwa nini nalitazama hivyo. Nitakueleza tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu uliyaona ukiwa mtoto na mimi niliyaona vibaya nikiwa mtu mzima. Ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe. Diploma ya ufugaji ni yako, siyo yangu.

Kazi ya kukanda nilifundishwa na bibi yako mzaa baba. Nilipojifungua wewe alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikamtukana, na nilipopona akaniambia nimpe mikono yangu aitazame. Tangu hapo wanawake waliojifungua wananiita, na madereva ambao barabara ya Iga Barrière imewavunja viuno, na vijana wa pikipiki walioanguka na pikipiki zao. Wanyama sikuwa na habari nao. Mbuzi akinikaribia nilikuwa namfukuza.

Halafu siku moja Docteur wa mifugo akaingia uani kwetu na buti zake za matope. Ulikuwa umekaa pale unachambua mchele, ukaacha mchele ukamtazama. Akasema kuna farasi jike kwa Patron, kahawia, anaitwa Bijou, aliletwa kutoka Uganda kwa ajili ya kufuata ng'ombe milimani, na sasa hataki tandiko, anauma watu, amemwangusha mfanyakazi.

"Nimeangalia mifupa, meno, damu, yote iko sawa," akasema. "Ile shida iko mu nyama. Dawa ninayo, Mama, lakini mikono kama yako sina."

"Docteur, miye nakandaka wamama wenye wamezala. Ule farasi amezala nini?"

Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Ulicheka na wewe. Nilikubali kwa sababu ya kicheko kile, nakuambia ukweli, na kwa sababu nilijisikia mtu mkubwa kuitwa na daktari.

Unakumbuka nilivyorudi siku ya kwanza, nguo imelowa maji ya ndoo. Sikukusimulia vizuri kwa nini. Nilimwendea Bijou kama ninavyomwendea dereva wa lori: nikatafuta mahali pagumu, nikazamisha dole gumba. Akarusha mguu, ndoo ikapita karibu na sikio langu. Docteur hakunicheka. Alinivuta nyuma, akaniambia tusimame tu, tumtazame miguu kwanza, nyama baadaye. Akanionyesha kwamba farasi hubeba sehemu kubwa ya uzito wake mbele, na kwamba mnyama mwenye maumivu huhamisha uzito huo bila kumwambia mtu. Bijou alikuwa akijiegemeza kulia. Kwato za kulia zilikuwa zimelika, za kushoto bado ndefu. Mgongo wake ukiutazama kutoka nyuma ulikuwa umepinda kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja miaka mingi. Farasi wa hivyo, Docteur akasema, watu humwita mkaidi.

Hapo nikajifunza kuweka kiganja tu na kungoja. Kungoja kweli, siyo kule kungoja kwangu kwa kugonga mguu chini. Unaweka kiganja, huombi kitu, na baada ya muda nyama yenyewe inakuja mkononi. Ikija, unaifuata. Isipokuja, unaondoa mkono na kwenda nyumbani. Nilirudi tena na tena, na siku moja Bijou akashusha kichwa mpaka kikafika gotini kwangu, mdomo ukalegea, akaanza kutafuna wakati hana kitu mdomoni. Akapiga miayo akatuonyesha meno yote ya njano. Halafu akajamba, kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho, na Docteur akarudi nyuma akishika pua. Nikamwambia ndivyo marehemu mume wangu alivyokuwa Jumapili baada ya kula. Hiyo ndiyo afya, Kavira. Mnyama aliyepona ana kelele nyingi.

Likizo ukaanza kuja na mimi. Nilikuwa nikimshika Bijou mgongoni na wewe unaweka paji la uso wako shingoni kwake, mnasimama hivyo. Mikono yako ilijifunza haraka kuliko yangu kwa sababu haikuwa na haraka. Nilijivuna. Nilikuwa nikiwaambia watu kanisani kwamba binti yangu farasi wanamjia wenyewe.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sikukuambia.

Maumivu ya Bijou yalikuwa yanarudi. Kila nikienda nayakuta palepale: chini ya bega la kushoto, nyuma yake mahali mkanda wa tandiko unapopita, na kwenye pembe ya mdomo upande uleule, ambako ngozi ilikuwa imeota sugu. Tukasema ni tandiko. Likafumuliwa, likajazwa upya. Tukasema ni kwato, Docteur akazikata zikalingana. Tukasema Patron anakaa vibaya, amelalia upande mmoja, na Docteur akamweleza kwa heshima. Patron akamshukuru kwa heshima. Unamjua Patron, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Anapeana mkono na kila mtu mpaka mchunga ndama, anauliza habari za watoto kwa majina yao. Ana sauti ndogo mpaka unalazimika kumsogelea ili umsikie.

Na kila mara nikimaliza alikuwa akisema, "Merci, Mama. Kesho nitapanda." Mimi nilikuwa nafurahi. Kazi yangu ilikuwa kumlegeza Bijou vya kutosha ili kesho apandwe, na niliifanya vizuri sana. Nililegeza, mtu akakaza, nikalegeza tena. Sikuwahi kuuliza ni mkono wa nani unaokaza wakati wangu haupo. Ningeuliza, nafikiri, kama ningekuwa nashindwa kazi. Nilikuwa nafaulu, na watu walikuwa wananisifu.

Kisha ukaja ule msimu ulipokuwa kwenye mitihani na nikaenda peke yangu. Nilimkuta Bijou amebadilika. Hamuumi mtu. Tandiko linapanda upande wa kushoto bila shida. Anasimama miguu yote minne sawasawa, kichwa juu, masikio hayachezi. Vijana wa zizini wakaniita fundi. "Mama, umemurekebisha kabisa! Sasa hata mutoto anaweza kumupanda."

Nikaweka kiganja. Chini ya manyoya hapakuwa na nyama, palikuwa na ubao. Nikangoja kama nilivyofundishwa, nikangoja mpaka miguu yangu ikafa ganzi, haikuja. Hakutafuna, hakupiga miayo. Jicho lilikuwa wazi na halipepesi. Nilipoinua mguu wake wa mbele aliniachia kama mtu anayekuachia mkoba wake uupekue. Tangu Bijou nilikuwa nimeshashika wanyama wagonjwa na wanyama wakali kule kwa Docteur, nikaogopa wakali. Sikuwahi kumwogopa mnyama kwa sababu ya utulivu wake mpaka siku ile.

Kiganja kikiwa bado mbavuni, nikasikia pumzi yake inasimama. Haikupungua, ilisimama. Nikafikiri nimemgusa vibaya. Halafu nje, mbali kidogo, nikasikia mtu anakohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo. Patron akaingia, shati jeupe, akitabasamu.

"Bonjour, Mama. Unaona vile anatulia nikifika? Ananijua."

Nikasema ndiyo, Patron, anakujua. Nikacheka naye. Mbavu za Bijou hazikuwa zimesogea bado.

Nilirudi Bunia siku hiyo nikiwa na mfuko wa maziwa ya mgando aliyonipa, ukayanywa na kuyasifu. Nilijiambia farasi ni farasi, wana mambo yao. Mwanamke mwenye kazi zake na mtoto wa kusomesha anaweza kujiambia mengi.

Baada ya hapo ndipo mke wake akajifungua. Alishuka Bunia kwa wazazi wake, kama desturi, na nani mwingine wa kumkanda kama siyo mimi? Mama Esther ni mtu wa pole, unamkumbuka, yule aliyekuwa anakupa mandazi jikoni kwake na kukuambia ule ukiwa umekaa. Nikachemsha maji, nikaloweka vitambaa, nikaanza tumboni, nikaenda kiunoni, nikapanda mgongoni. Chini ya bega la kushoto mkono wangu ukasimama wenyewe. Nilipajua mahali pale. Ubao uleule. Nikaweka kiganja nikangoja, na maji yakapoa, na haikuja.

Uani watu walikuwa wanaongea, watoto wanacheza. Pumzi ya Mama Esther ikasimama chini ya mkono wangu. Hapo hapo nikakisikia kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo, karibu na geti, na wazee wa nyumba wakaanza kumkaribisha mkwe wao kwa furaha.

Niliacha mikono pale. Bila kugeuza kichwa Mama Esther akasema, "Endelea tu, Mama."

Nikaendelea. Nilipokuwa namfunga nguo tumboni akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa akitabasamu kama anavyotabasamu siku zote. "Mikono yako inasikiaka mingi," akasema. "Basi isikie tu. Isiseme kitu."

Na mikono yangu haikusema kitu, Kavira. Mama Esther alirudi mlimani na mtoto, gari limejaa zawadi. Nilisimama barabarani na wengine nikipunga.

Sikuona alama yoyote. Nataka uelewe hilo, kwa sababu jana ulinishika hapo. Hakuna jeraha nililoliona, hakuna neno baya nililolisikia. Nimekuwa nikijihoji: mama mwenye mtoto mchanga si huchoka? Si hukaza mgongo kwa kunyonyesha? Nimekanda wanawake wengi waliokaza mgongo kwa kunyonyesha. Nyama yao ni ngumu, lakini inakulalamikia, inakuambia pale, hapana hapo, ee Mama, polepole. Ile haikulalamika. Ilikuwa imeshaacha.

Na mtunza farasi aliyekutangulia, yule kijana aliyekuwa anapiga mluzi? Niliuliza habari zake mara ya mwisho nilipopanda huko mlimani. Vijana wa mlangoni wakatazama chini. Mmoja akasema, "Alitoka." Nikauliza alienda wapi. "Alitoka tu, Mama."

Kisha Patron akaja hapa nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha baba yako, akaniomba nikuruhusu ukamtunzie farasi. Ulikuwa umetoka kuchota maji. Akaniambia, "Wako watoto wengi wenye diploma. Miye nataka ule wako. Minapenda mutoto mwenye hana makelele." Alilisema kwa upole wake wote, akanywa chai yangu mpaka mwisho. Nilipata nafasi ya kusema hapana na nikasema nitakuuliza wewe mwenyewe, kwa sababu alikuwa mgeni na alikuwa ananishukuru.

Wewe uliporudi uliruka. Sijakuona ukiruka hivyo tangu utotoni. Jana nilipokuambia haya, kwa mpangilio mbovu na kwa kelele, ulisema maneno ambayo yamekaa kichwani mwangu.

"Mama, juu ya pumzi tu? Utamuita mutu mubaya juu ya pumzi?"

Ndiyo. Juu ya pumzi tu. Sina kingine.

Halafu ukasema, "Na Bijou iko na mimba. Nani atamushika akizaa? Ni weye ulinifundisha mutu hawezi kuacha kazi katikati." Hapo ndipo nilipopiga kelele. Naogopa, Kavira. Naogopa tangu siku alipokaa kwenye kile kiti, na nakasirika kwamba naogopa, na hasira yote inakuangukia wewe ambaye hukufanya kosa.

Mfikirie baba yako kidogo. Wewe unamkumbuka kwa lori lake na kelele zake. Akirudi kutoka Mahagi mtaa mzima ulijua, na kama nilikuwa nimemkasirikia mtaa mzima ulijua hilo pia. Tulirushiana maneno, siku moja nikamrushia sahani, akaidaka akauliza kama ina chakula. Hakuwa malaika, alichelewa, alidanganya kuhusu mambo madogo madogo. Lakini mlango ukifunguka nilikuwa natoa pumzi. Hata nikiwa nimenuna, hata nikiwa nimejiandaa kwa vita, kifua kilishuka. Sikujua kwamba hilo ni kitu mpaka nilipoweka mkono kwa Mama Esther. Ukitaka kumjua mtu, usimsikilize anavyoongea. Sikiliza nyumba yake inavyopumua akikohoa nje.

Na liko langu na lako. Tulipohamia hapa kutoka Beni ulikuwa mdogo, tukapokelewa na watu kwenye nyumba iliyojaa. Mtoto akilia usiku wenye nyumba walikuwa wanageuka kitandani kwa nguvu ili tusikie. Nikakufundisha kunyamaza. Sikukupiga, nilikuwa nakutazama tu, jicho moja, na wewe unameza kilio chako kizima. Wanawake walinisifu: mtoto gani huyu, hana taabu, wala husikii kama yuko. Nilijisikia mama hodari. Tulipopata nyumba yetu sikukumbuka kukuambia kwamba sasa unaweza kulia. Nilidhani ungejua. Hata leo ukiumwa jino ninagundua kwa sababu umeacha kutafuna upande mmoja. Ndiyo maana uliufunga ule mlango polepole jana, na ndiyo maana amekuchagua.

Kwa hiyo nakuomba uwe na makelele. Lalamika chakula kikiwa kibaya. Ukiitwa na hukusikia, sema hukusikia, usisogee karibu. Akikuambia jambo kwa sauti ndogo mwombe aliseme tena, mbele ya watu, na utazame uso wake anapolisema. Mtu mzuri atacheka na kupaza sauti. Ukiona siku hiyo hakucheka, umeshapata habari.

Docteur alikufundisha usiingie zizini kabla hujaona utatokea wapi ikiwa mnyama atageuka. Unalifanya bila kufikiri, nimekuona. Basi lifanye na kwenye chumba watakachokupa, na kwenye gari, na kwenye ile sebule yenye viti vizuri. Ukikaribishwa, kaa upande wa mlango, hata wakikuona mshamba. Njia ya kushuka Irumu iangalie kesho mkipanda, mchana, kwa macho ya mtu ambaye siku moja ataipita kwa miguu. Dada yangu Kahindo yuko pale sokoni Irumu, anauza samaki wakavu, hahitaji kuelezwa kitu. Fika tu. Vitu vyako viache, sweta na vyote.

Kwa Bijou, fanya ambalo mama yako hakulifanya. Usimtulize. Mikono yako inaweza kumlegeza yule mnyama hata kwa ajili ya mtu anayemkaza, na utasifiwa kama nilivyosifiwa. Ukimkuta ameanza tena kuuma, mshukuru Mungu na umwache aume. Mwambie Patron hajawa tayari kupandwa, ana mimba, na Docteur atakuunga mkono, nimeshaongea naye. Simama hapo. Na ukiwa na kiganja chako mbavuni mwake na pumzi yake ikasimama, tafadhali, mwanangu, angalia kwanza kama na yako imesimama. Naogopa siku ambayo zitasimama pamoja na wewe usijue.

Huenda nimekosea. Mungu anajua ninavyoomba niwe nimekosea, niwe mama mjane aliyezeeka vibaya, anayeona vitu kwenye migongo ya watu. Nitakuomba msamaha mbele ya kanisa zima na utanicheka mpaka nife. Nitafurahi sana.

Mvua inaisha, nasikia watu barabarani, na maharagi yameanza kushika chini. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako, uisome leo, nikiwa nimejifanya nina kazi jikoni. Usinijibu. Ukiamua kubaki, lirudishe sanduku chini ya kitanda na tule, sitauliza kitu. Ukiamua kwenda, basi kesho uamke mapema kidogo, kabla gari halijapiga honi. Kaa kwenye kigoda, vua blauzi, nipe mgongo wako. Sitakuhubiria wala sitalia, nitajitahidi. Nataka kuupita wote, mbavu moja baada ya nyingine, na kusikia unavyopumua, ili mikono yangu ijue ulivyokuwa siku ulipotoka kwangu. Maana Noeli utakuja, utasimama pale mlangoni na zawadi, utatabasamu, utaniambia kule ni kuzuri na wote wanakupenda. Na mimi sitakujibu. Nitakuambia tu, geuka.

Mama yako